Askari Wawili wa Arnold

"Tangazo la kupita kwenye kompyuta yangu bado halijazaliwa," Arnold Bwire alisema, akazungusha kiti chake mzunguko mzima ili kila aliyekuwa dukani aone vizuri uso wa mwanamume asiyesumbuliwa na matangazo.

Dukani mlikuwa na watu wawili tu, lakini Arnold alikuwa na kipaji cha kuhutubia watu wawili kama umati wa uwanjani. Mmoja alikuwa Hajati Latifah, muuza mikoba ya mitumba wa soko la Sofia, aliyekaa kwenye benchi nyuma ya Arnold na kikombe chake cha chai, akisubiri kuchapiwa bango. Wa pili alikuwa Nerima, dada yake Arnold, tumbo moja. Alikuwa ametoka Masaba kwa bodaboda asubuhi hiyo, vumbi bado limemkaa kwenye nyusi, kuja kufanya mtihani wa kazi.

"Maduka mengine hapa Busia," Arnold akaendelea, "ukifungua intaneti unakaribishwa na kamari, dawa za nguvu za kiume, na yule daktari anayetibu miguu kuvimba kwa maganda ya ndizi. Hapa kwangu? Kweupe! Kuna askari humo ndani. Hata nzi hapiti."

Askari ni jina alilokipa kizuia matangazo, kile kiprogramu alichokipachika kwenye kivinjari chake cha intaneti mwaka aliofungua duka. Tangu siku hiyo hakukifikiria tena, kama vile mtu asivyolifikiria ini lake mpaka daktari alitaje.

Akafungua kivinjari. Kikakawia kidogo kuliko kawaida, halafu skrini ikajaa maputo ya rangi na pongezi: kivinjari kimejisasisha, sasa ni kipya, sasa ni cha kasi. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, palikuwa na habari nyingine: kizuia matangazo ulichokuwa nacho kimezimwa, maana toleo hili jipya halikikubali. Arnold hakuisoma. Watu wanaojiamini hawasomi herufi ndogo. Akaandika anwani ya tovuti ya mtihani, akabonyeza.

Ndege ndogo nyekundu yenye propela, ya mchezo wa kamari, ikapita katikati ya skrini ikimwaga sarafu. Chini yake akatokea mwanamume mwenye kifua kipana, hana shati, akiuliza kama mkeo ana furaha.

Hajati Latifah akapuliza chai yake. "Huyo ndiye askari wako? Mbona hajavaa?"

Arnold akacheka. Nerima hakucheka.

Nerima alikuwa na sababu. Wakala mmoja wa Kampala alikuwa ameshamaliza kumtengenezea safari ya kwenda Arabuni kufanya kazi za ndani, na alikuwa akingoja jibu lake jioni ya siku hiyohiyo: ndiyo au hapana, maana nafasi ina wengi wanaoitaka. Ndiyo ilikuwa na maana ya kumwacha binti yake Mugeni, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka, kwa bibi yake pale Masaba, na kumwona kwenye simu mpaka mkataba uishe. Hapana ilihitaji kazi nyingine mkononi. Kazi hiyo ilikuwepo Tororo, ukarani wa ghala la mbegu na mbolea, mahali ambapo mtu anaweza kulala nyumbani kila Jumamosi. Kati ya Nerima na ghala hilo kulikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni mtihani wa kwenye kompyuta, unaofunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa tano. Wa nyumbani wote walisema aende kwa Arnold, Arnold ndiye anayezijua hizo mashine. Arnold naye alisema hivyohivyo, kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Soma sheria," Nerima alimwambia.

Arnold akasoma. Sheria zilikuwa chache, lakini moja ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu: *Usiondoke kwenye ukurasa wa mtihani. Ukiondoka mara tatu, mtihani utafungwa.*

"Ni kitu kidogo. Wewe huendi mahali. Utakaa hapo hapo kwa hiki kiti."

Chini ya sheria palikuwa na zoezi la mfano, la kujipima kabla ya mtihani wenyewe. Nerima akalifungua, akabonyeza jibu. Kabla kidole hakijanyanyuka, ile ndege nyekundu ikajileta chini ya mshale, na ukurasa mzima wa kamari ukafunguka wenyewe mbele yao. Arnold akaufunga haraka. Walipourudia mfano, utepe wa manjano ulikuwa unawangoja: *Umeondoka kwenye ukurasa. Hili lingekuwa onyo la kwanza.*

Kampuni ilikuwa imeuweka mtihani wake kwenye tovuti ya bure, na tovuti ya bure ina namna yake ya kujilipa. Kila tangazo litakalojifungua, mashine itahesabu kwamba Nerima ndiye aliyeondoka.

"Arnold," Nerima akasema polepole, "askari wako yuko wapi?"

Sasa Arnold akazisoma zile herufi za kijivu. Akazisoma mara mbili, ulimi kwenye jino. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba bado nusu saa.

"Amestaafu," akasema. "Usiogope. Naajiri mwingine sasa hivi."

Akafungua lile duka la mtandaoni ambako viprogramu hivyo hupatikana, akaandika anachotaka. Vikaja vingi mpaka akakosa pa kuanzia. Vyote vilikuwa na ngao, vyote vilikuwa na nyota, na kila kimoja kilijiita bora kuliko vyote. Arnold akakunja mikono ya shati.

Cha kwanza kilitengenezwa na walewale waliomtengeneza Askari. Kilikuwa kama mdogo wake: mwembamba, mpole, amepunguzwa uzito ili kivinjari kipya kimkubali. Watu waliokitumia walisema ni kisafi, hakina mambo mengi, ila baadhi ya matangazo sugu hukiponyoka.

"Huyu mnyonge," Arnold akasema.

Cha pili kilijisifu kwa watumiaji wengi, lakini ukisoma chini unakuta kinaruhusu "matangazo yenye adabu".

"Askari anayewafungulia wezi wakimwamkia vizuri," Hajati Latifah akasema kutoka nyuma. "Ruka."

Cha tatu kilikuwa na ngao inayofanana na ya Askari kabisa, rangi ileile, jina linalokaribiana. Kiliomba kibali cha kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila tovuti, na aliyekitengeneza hakujulikana ni nani wala yuko wapi. Hapo Arnold, tumpe haki yake, alishtuka, akaondoka mbio.

Akachukua simu, akamtumia ujumbe wa sauti rafiki yake Allan, fundi simu wa upande wa Kenya. Jibu likarudi kabla hajaiweka simu chini: "Buda, weka ile ya ngao nyekundu. Hiyo haibahatishi, inaua kila kitu. Mimi naitumia, sijaona ad tangu niiweke, nakuapia."

Ngao nyekundu ilikuwepo kweli, cha nne. Watu waliisifu kwa ukali wake. Wachache walilalamika kwamba wakati mwingine huua hata visivyo matangazo.

"Chagua moja basi," Nerima akasema. Alikuwa amesimama sasa. "Arnold, saa."

"Nachagua."

"Unachagua kama mtu anayeoa," Hajati Latifah akasema.

Arnold akamtazama mpole, akamtazama mkali. Mpole anaweza kuachia ndege ipite. Mkali anaweza kuua swali zima. Ndipo kikamjia kile kinachomjia mtu yeyote aliyekulia Busia akikwama kati ya vitu viwili.

Mtu wa mpakani hatembei na kimoja. Mfukoni mwa Arnold kulikuwa na laini ya Uganda na laini ya Kenya, maana mtandao wa huku ukilala wa kule huwa macho. Kwenye droo alikuwa na shilingi za aina mbili. Ukutani, nyaya za umeme, na chini ya meza, betri ya sola. Hata fundi cherehani alikuwa na wa huku na wa kule, akigombana na mmoja huvaa suruali ya yule mwingine. Kwa nini mlinzi awe mmoja?

"Wote wawili," akasema, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Mmoja akisinzia, mwingine anakesha."

Wakajaribu tena zoezi la mfano. Ukurasa ukafunguka mweupe pe. Ndege haikuwepo, kifua hakikuwepo, sarafu hazikuwepo. Nerima akajibu swali, akabonyeza *Endelea*, likaja la pili. Akashusha pumzi. Arnold akazungusha kiti, mara hii nusu mzunguko tu, maana wakati ulikuwa mfupi.

"Nilisemaje mimi?"

Saa nne. Mtihani ukafunguka.

Nerima akaketi, mgongo wima. Juu ya skrini saa ndogo ilikuwa inarudi nyuma. Maswali yalikuwa ya ghala: magunia yameingia hivi, yametoka hivi, mangapi yamebaki; soma hati hii ya mzigo, taja kosa. Aliwahi kukaa msimu mzima kwenye kituo cha kununulia kahawa, hayo alikuwa anayala kama njugu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu bila sauti. Wateja watatu wakaingia kutaka fotokopi, mmoja wao mwalimu wa shule ya jirani. Arnold akawawekea kidole mdomoni, akawaonyesha dada yake kama mtu anayeonyesha gari jipya. Wakasimama ukutani, nao wakatazama.

Alikuwa amevuka nusu ya maswali pazia jeusi liliposhuka.

Lilifunika skrini nzima. Katikati yake maandishi meupe: *Tumegundua kwamba unazuia matangazo. Zima kizuizi chako, kisha bonyeza hapa ili uendelee.* Na kule juu, nje ya pazia, saa ndogo ilikuwa inaendelea kurudi nyuma.

"Arnold!"

"Nimeona. Pisha mkono." Arnold akainama juu ya bega lake, akashika kipanya. Kwenye kona ya juu palikuwa na alama ya ile ngao nyekundu. Akaibonyeza, akaizima bila kutoka kwenye ukurasa. Akashusha mshale mpaka palipoandikwa *bonyeza hapa*, akabonyeza.

Skrini ikapepesa. Ukurasa ukajifungua upya, na juu yake utepe wa manjano: *Umeondoka kwenye ukurasa. Onyo la kwanza.*

Pazia bado lilikuwepo.

"Si umezima?" Nerima akauliza.

"Nimezima."

"Mbona liko?"

"Mtandao," Arnold akasema. "Mtandao wa huku wakati mwingine unachelewa kusikia." Akabonyeza tena.

*Umeondoka kwenye ukurasa. Onyo la pili.*

Nerima akaweka viganja vyote viwili mezani, kama mtu aliye ndani ya mtumbwi unaoyumba. Mwalimu ukutani akakohoa.

"Kwani mliweka wangapi humo?" Hajati Latifah akauliza.

Ndipo damu ikamwenda mbio Arnold. Yule mpole! Mpole alikuwa bado amesimama kazini kwake, mnyenyekevu, mwaminifu, akizuia kila kitu. Arnold akamtafuta kwenye kona, vidole vikiteleza, akamzima. Halafu mkono wake ukabaki hewani juu ya *bonyeza hapa*, ukiogopa kushuka. Wakangoja. Pazia likajiondoa lenyewe. Pengine lingejiondoa lenyewe tangu mwanzo kama pangekuwa na mtu wa kungoja, lakini hayo ni mazungumzo ya watu waliotulia.

Swali likarudi mahali pake. Majibu yote ya Nerima yalikuwa salama. Na kutoka kushoto, bila haraka, kama mgeni anayejua kwamba sasa mlango uko wazi, ikaingia ile ndege nyekundu, ikatua juu ya jibu la nne.

"Niitoe hiyo," Arnold akasema.

"Usiguse."

"Ina X pale juu, ona."

"Arnold, usiguse. Imeziba jibu la nne peke yake, na jibu ni la pili. Nitakwenda polepole, nitapita kando yake. Niachie hicho kipanya."

Alikuwa amesema kwa sauti ya chini, iliyopimwa, sauti ya mtu anayepita karibu na nyoka. Na ulikuwa mpango mzuri. Lakini nyuma ya Arnold walikuwa wamesimama watu watatu, na Hajati kwenye benchi, na ndege ya kamari ilikuwa inamwaga sarafu katikati ya duka lake, kwenye kompyuta yake, mbele ya macho yao. Kile kialama cha X kilikuwa kidogo, cha kijivu, kimekaa vizuri.

"Sekunde moja tu," akasema, akabonyeza.

X haikuwa X. Ilikuwa sehemu ya picha. Ukurasa mpya ukafunguka, na yule mwanamume asiye na shati akawatazama wote, mmoja mmoja, akauliza kama wake zao wana furaha.

Arnold alipourudisha ule ukurasa wa mtihani, haukuwa na swali tena. *Umeondoka mara tatu. Mtihani umefungwa. Asante kwa kushiriki.*

Feni ya kompyuta ilikuwa inavuma. Nje lori la mizigo lilikuwa linapiga honi kuelekea mpakani. Nerima akatazama maandishi yale muda ambao Arnold aliuona mrefu kuliko shule yote ya sekondari. Kisha akachukua simu yake, akapiga namba iliyoandikwa chini ya sheria. Akaiweka simu mezani, akafungua sauti ya nje.

"Halo, mimi ni Apolot, ofisi ya ajira, Tororo."

"Madamu, shikamoo. Mimi ni Nerima, wa Masaba. Mtihani wangu umefungwa kabla sijamaliza."

Vidole vikasikika vikigonga kwenye kompyuta ya upande wa pili. "Nerima. Ee, nakuona. Mpaka hapo ulikuwa umefanya vizuri sana. Lakini hapa inasema ulitoka mara tatu. Ulikuwa nafanya nini? Ulikuwa natafuta majibu?"

"Hapana, madamu. Ni kompyuta. Kaka yangu yuko hapa, ndiye mwenye kompyuta, atakuelezea."

Watu wote wakamgeukia Arnold. Akalamba midomo.

"Madamu, habari. Hapa kwetu ni mtandao tu. Mtandao wa Busia ulikatika. Umeme pia."

"Ulikatika?" Apolot akauliza. "Mtandao ikikatika, mimi naona hapa. Haikukatika hata mara moja. Mtu alibonyeza. Mara mbili kufungua ukurasa upya, mara moja kwenda kwa tovuti ingine. Mimi nauliza nani alibonyeza. Kama ni mwenye mtihani, sheria ni sheria, siwezi kumsaidia. Kama ni kitu ingine, niambie sasa, maana nafunga hii kazi leo."

Arnold alijua la kusema. Lilikuwa fupi, lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi. Lakini mwalimu alikuwa anamtazama, yeye ndiye aliyekuwa akimletea mitihani ya shule nzima kuchapa. Wale wawili wengine walikuwa wanamtazama. Bango la duka lake mwenyewe lilikuwa linamtazama kutoka ukutani, MTAALAMU WA KOMPYUTA, kwa rangi tatu.

"Unajua, madamu," akasikia sauti yake ikisema, "kipanya hiki kinateleza. Na dada yangu hajazoea sana. Labda... labda kidole kilimteleza."

Nerima akainua macho. Hakukasirika usoni, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alimtazama Arnold kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

"Kidole chake," Apolot akarudia. "Mara tatu?"

"Labda," Arnold akasema, kwa sauti ndogo.

Kikombe kikawekwa chini kwenye saruji, kwa nguvu.

"Labda mama yako!" Hajati Latifah akanyanyuka kutoka kwenye benchi, akajitengeneza shungi, akaja mpaka mezani na kuiinamia simu kama anayeongea na mtu aliye kisimani. "Madamu, unanisikia? Mimi ni Latifah, nauza mikoba hapa Sofia, sina undugu na hawa. Nimekaa nyuma yao tangu asubuhi, macho yangu mazima. Huyu binti hakubonyeza hata moja. Mikono yake ilikuwa mezani, yote miwili, nimeiona. Ni huyu kijana aliyembana pembeni akamnyang'anya kipanya, akapachika mavitu yake ya kuzuia matangazo, mawili kwa mpigo, yakagombana na mtihani wako. La mwisho binti kamwambia *usiguse*, kamwambia na mara ya pili, na yeye akagusa."

Mwalimu ukutani akatikisa kichwa: ndivyo.

Kwenye simu pakawa na mguno, haikueleweka ni wa hasira au wa kicheko.

"Sawa," Apolot akasema. "Nerima, kama ni hivyo, panda gari sasa hivi. Uje Tororo ufanye hapa ofisini, mbele yangu, kabla hatujafunga. Lakini mimi siwezi kufungua mtihani kwa neno ya mtu wa pembeni. Nataka kusikia mwenyewe aliyebonyeza. Huyo kijana bado iko hapo?"

Nerima alikuwa ameshashika mkoba wake begani. Hakuondoka. Alisimama mlangoni, nusu kwenye jua, akingoja.

"Niko," Arnold akasema.

"Nani alibonyeza?"

Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu alipojifunza kuongea haukutoa kitu. Akajaribu tena. Ikatoka pumzi, na ndani ya pumzi, kwa mbali sana, kitu kama *mimi*.

"Paza sauti, mwanangu," Hajati Latifah akasema, akimsogezea simu karibu na kidevu. "Tororo ni mbali."